Saa 3:21, na ndege ambayo haikuwepo

Msomaji wa Mwanza ameniandikia hivi: "Shikamoo mzee. Juzi msibani tulibishana hadi usiku wa manane kuhusu Septemba 11. Mjomba wangu, mwanajeshi mstaafu, anasema haimwingii akilini kwamba Marekani, pamoja na ndege zote zile za kivita, iliacha ndege nne za abiria zizurure angani karibu saa mbili na isizuiwe hata moja. Anasema kulikuwa na amri ya kutulia, na ile tume iliundwa kufunika kombe mwanaharamu apite. Wewe uliyekaa kwenye rada, unaiamini tume?"

Marahaba, mwanangu. Nilikaa mbele ya rada miaka 27 kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitajibu kama mwongoza ndege. Siasa za Marekani nawaachia wenyewe. Tume ile, iliyoundwa kuchunguza mashambulio ya Septemba 11, naiamini inapoeleza dakika, na imani yangu inapungua sana inapofika kwa mwenye makosa. Mjomba wako ana haki ya kushuku, ila ameielekeza shuku yake kwenye hadithi ya pili, ile ya tume, na iliyooza ni ile ya kwanza.

Saa nitakazotaja ni za New York, nimezihesabu kwa Kiswahili. Kwa mfano, saa 2:46 asubuhi, ndege ya kwanza ilipogonga mnara wa kaskazini, kwetu ilikuwa saa 9:46 alasiri. Litunze hilo la kuhesabu saa, tutalirudia.

Hadithi ya kwanza ilikuwa ya jeshi lenyewe. Tarehe 18 Septemba 2001, wiki moja baada ya shambulio, NORAD, ile kamandi ya pamoja ya Marekani na Canada inayolinda anga lao, ilitoa ratiba ya matukio. Humo ilisema iliarifiwa kuhusu American 77, ndege iliyokuja kugonga Pentagon, makao makuu ya jeshi lao, saa 3:24. Mei 2003 maofisa wakaja mbele ya tume, hadharani, wakaongeza jingine: kwamba kuhusu United 93, ile iliyoanguka Pennsylvania, walijua tangu saa 3:16, na kwamba ndege za kivita za kambi ya Langley, Virginia, zilirushwa kwa ajili ya hizo mbili. Picha uliyobaki nayo ni ya jeshi lililokuwa macho, likafukuzana na saa, likazidiwa kidogo tu.

Zisikilize namba hizo kwa sikio la mtu wa rada. United 93 ilitekwa saa 3:28. Sasa niambie, jeshi lilipataje taarifa ya wizi dakika 12 kabla mwizi hajaingia ndani?

Wachunguzi wa tume waliliona hilo, wakaomba kanda. Kwenye kazi hii kila simu na kila redio inarekodiwa, na kanda haina cheo cha kulinda. Zikaja nusunusu, ikabidi tume itumie hati za kisheria kuzilazimisha: Oktoba 2003 kwa FAA, mamlaka yao ya usafiri wa anga, na Novemba kwa jeshi. Kanda za kituo cha kaskazini-mashariki cha NORAD, kilichoko Rome (mji mdogo wa jimbo la New York, usiende kuutafuta Italia), zikaiangusha ile ratiba nzima.

Saa 2:37 na sekunde 52 simu inaingia pale kituoni kutoka kwa waongoza ndege wa Boston. Mpigaji anasema tuna tatizo, tuna ndege iliyotekwa inaelekea New York, tunahitaji mtu arushe F-16 au chochote mje mtusaidie. Anayepokea anauliza: ni kweli au ni zoezi? Anajibiwa: hapana, si zoezi, si jaribio. Swali hilo limezaa nadharia nyingi, kwa sababu siku ile NORAD kweli walikuwa na zoezi kubwa. Mimi sioni ajabu. Nami ningeuliza hivyo hivyo, tena sauti ingenitetemeka.

Simu ile ilikuwa nje ya utaratibu. Kwa kanuni zao, taarifa ya utekaji ilitakiwa ipande hadi makao makuu ya FAA, ivuke kwenda Pentagon, ifike kwa Waziri wa Ulinzi, ndipo ishuke kwa marubani. Kanuni hiyo iliandikiwa mtekaji wa kizamani, yule anayetaka kupelekwa mahali na kuongea na waandishi wa habari. Watu wa Boston waliiruka ngazi yote hiyo, na hiyo ndiyo sababu jeshi likapata dakika 9 kabla ya pigo la kwanza. Dakika hizo 9 ndizo nyingi kuliko zote walizopata siku ile. Ndege ya pili waliarifiwa ikigonga. Kuhusu ya tatu waliambiwa dakika moja au mbili kabla kwamba kuna kitu kisichojulikana karibu na Ikulu. Taarifa ya ya nne iliwafikia saa 4:07, dakika 4 baada ya kuanguka. Mjomba anasema karibu saa mbili, na kweli ndege zilikuwa angani muda huo, lakini waliotakiwa kuzizuia hawakuwa nao.

Jambo ambalo ningemwomba mjomba alitafakari zaidi ni la saa 3:21. Dakika hiyo kituo cha Boston kinapiga tena simu Rome na kusema: kuna taarifa kwamba American 11 bado iko angani, inaelekea Washington. American 11 ilikuwa imeshagonga mnara dakika 35 nyuma. Mahali fulani kwenye ile mikutano ya simu ya FAA mtu alikosa uhakika ni ndege ipi hasa iliyogonga, na ule wasiwasi wake ulipopita mdomo wa pili na wa tatu ukawa habari. Saa 3:24 F-16 za Langley zinapewa amri ya kuruka, na saa 3:30 ziko juu. Zilikuwa zinakwenda kuzuia ndege ambayo haikuwepo.

Si hivyo tu. Amri ya kuruka haikusema umbali wala shabaha iko upande gani, basi zikafuata njia ya kawaida ya kutokea kambini, mashariki, kuelekea baharini. Rubani kiongozi alieleza baadaye kwamba mawazo yake yalirudi kwenye tishio la Mrusi, kombora linalokuja chini chini kutoka majini. Pentagon ilipogongwa saa 3:37, walinzi wake walikuwa maili 150 hivi kutoka hapo. Chombo pekee cha jeshi kilichoishuhudia American 77 ikiingia ukutani kilikuwa ndege ya mizigo, C-130 isiyo na silaha, iliyokuwa inapita zake na kuombwa na waongoza ndege iifuate. Rubani wake ndiye aliyewaambia kwamba inaelekea imeanguka Pentagon.

Na hiyo safari ya kukimbiza kivuli, ndege ya American 11 iliyokwisha kuungua, haikutajwa hadharani hata mara moja, si na FAA wala na Wizara ya Ulinzi, mpaka tume ilipoisikiliza kanda. Ndiyo maana nasema mjomba anashuku mahali pasipo. Aliyefunika kombe ni aliyetoa ratiba ya kwanza. Na alichofunika ni aibu: kwamba hawakujua ziko wapi. Ratiba ya uongo iliwaonyesha wakiwa hodari kuliko walivyokuwa. Mtu aliyetoa amri ya kutulia angehitaji uongo wa upande mwingine kabisa, wa kuonyesha kwamba hakuna aliyeweza kujua lolote. Hawa walisema tulijua mapema! Ukilinganisha na njama, ni kujitia kitanzi.

Utauliza, inawezekanaje ndege kubwa kiasi kile ipotee? Rada ziko mbili. Ya kwanza ni kama mtu anayepiga kelele bondeni akasikiliza mwangwi: anajua kuna kitu pale, ila hajui ni nini wala kiko juu kiasi gani. Ya pili huuliza, na kifaa kilichomo ndani ya ndege, transponda, hujibu: mimi ni fulani, niko futi elfu kadhaa. Sisi tunaishi kwa hiyo ya pili. Kwenye skrini ndege inatembea na kibandiko chake: namba ya safari, kimo, kasi. Zima transponda, kibandiko kinadondoka, unabaki na alama tupu kati ya alama nyingine. Siku ile watekaji waliizima katika ndege tatu, na katika ya nne wakabadili namba yake. American 77 ilizimiwa saa 2:56, na mwongoza ndege wa kituo cha Indianapolis, kwa jinsi programu yake ilivyochuja ishara na jinsi rada ya kwanza ilivyokuwa dhaifu eneo lile, hakuona hata mwangwi kwa dakika zaidi ya 8. Mwangwi uliporudi, ndege ilikuwa imeshageuka mashariki, na wao wanaitafuta magharibi na kusini-magharibi kule ilikokuwa inaelekea. Wakadhani imeanguka. Ikasafiri dakika 36 kuelekea mji mkuu bila kuonwa. Kumbuka pia anga lilikuwa limejaa: zilipoamriwa zote zitue, zilikuwa 4,500 hivi.

Na walinzi? Wakati wa vita baridi vituo vya ndege za tahadhari vilikuwa 26. Asubuhi ile vilikuwa 7 kwa Marekani bara nzima, kila kimoja na ndege mbili. Kaskazini-mashariki yote, kuanzia New York hadi Washington, ililindwa na ndege nne: mbili Otis kule Massachusetts na mbili Langley. Zote zilitazama nje, baharini. Kundi lile lile lilikuwa limeshaua watu zaidi ya 200 Nairobi na Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998, lakini ndege za tahadhari zilikuwa bado zinamngoja Mrusi. Mjomba akisema huo ni uzembe, mimi sina la kumpinga.

Anaweza pia kukutajia ndege ya Payne Stewart, yule mcheza gofu. Wanaoshuku huipenda sana. Oktoba 1999 ndege yake ndogo iliacha kujibu redio baada ya kuondoka Orlando, na inasemwa F-16 iliifikia kwa dakika 20 hivi. Basi kwa nini 2001 ishindikane? Ripoti ya uchunguzi inasema redio iliacha kujibiwa saa 3:33 na F-16 ikaikaribia saa 3:52. Ni dakika 19, sivyo? Sivyo. Saa ya kwanza imeandikwa kwa majira ya mashariki, ya pili kwa majira ya kati, yaliyo nyuma saa moja. Ilikuwa dakika 79. Sisi tunaokosa basi kwa sababu tiketi imeandikwa saa ya Kizungu tusingepaswa kunaswa na mtego huu, lakini nimewaona wasomi wakubwa wamo ndani yake.

Nikukiri jambo langu hapa. Miaka mingi iliyopita, kwenye kiwanja ambacho sitakitaja, ndege mbili zilipishana karibu mno zamu yangu. Hakuna aliyeumia. Jioni tukakaa kuandika. Kitabu changu cha zamu kilikuwa na dakika moja, cha mwenzangu dakika nyingine, na saa ya ukutani tuliyoitazama sote ilikuwa imechelewa dakika nne, hakuna aliyejua. Bosi akasema: "Kubalianeni dakika moja, tusije tukaonekana hatujui kazi." Tukakubaliana. Hakuna aliyesema tudanganye. Neno hilo halikutamkwa chumbani. Wiki ya pili kanda ikasikilizwa, na dakika yetu ya makubaliano haikufanana hata na moja ya zile za vitabuni. Tangu siku hiyo nikiona ratiba safi ya matukio yaliyovurugika huwa nauliza saa zake zimetoka wapi. Ratiba ya NORAD ya Septemba 2001 ilikuwa safi mno.

Sasa upande wa pili, ambako tume inanikera. Ilizaliwa kwa shida: iliundwa Novemba 2002, miezi 14 baada ya shambulio, kwa bajeti ya kuanzia ya dola milioni 3, na mwenyekiti wa kwanza aliyeteuliwa, Henry Kissinger, alijiuzulu ndani ya wiki chache kuliko kutaja wateja wa kampuni yake ya ushauri. Rais Bush na Makamu wake Cheney waliwajibu wajumbe tarehe 29 Aprili 2004 wakiwa pamoja chumba kimoja, bila kiapo, bila kurekodiwa. Mimi, kwa ndege mbili zilizopishana, nilihojiwa peke yangu na kanda ikizunguka.

Hilo si dogo, kwa sababu swali zito lililobaki ni amri ya kutungua ilitoka kwa nani na saa ngapi. Wote wawili walisema Rais alimpa Cheney ruhusa kwa simu mapema. Tume haikupata maandishi ya siku ile yanayoithibitisha simu hiyo, ikaandika hivyo kwa lugha ya adabu, ikasonga mbele. Amri yenyewe ilikifikia kituo cha Rome saa 4:31, ndege zote nne zikiwa zimekwisha, na hata hapo haikupelekwa kwa marubani waliokuwa juu ya New York na Washington.

Kuna pia Norman Mineta, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi. Mei 2003 aliieleza tume kwamba alifika kwenye handaki la Ikulu karibu saa 3:20 akamkuta Cheney, na kijana mmoja akawa anaingia kusema ndege iko maili 50, maili 30, maili 10, kisha akauliza kama amri bado ni ile ile. Ripoti inamweka Cheney ndani ya handaki karibu saa 3:58. Mimi nadhani Mineta alikosea saa. Ripoti yenyewe inaeleza mazungumzo yanayofanana sana na hayo baada ya saa 4:00, wakati walinzi wa Rais, wale wa Secret Service, walipokuwa wanahesabu maili za United 93 bila kujua imeshaanguka. Lakini tume ilitakiwa iyaseme hayo, imweke Waziri na saa yake mezani. Ilinyamaza, na kimya kile kimewalisha wenye shaka miaka yote hii.

Kanda nyingine haikufika kabisa. Siku ile ile, kabla ya adhuhuri, waongoza ndege sita wa kituo cha New York walikusanywa wakaeleza kwenye kaseti walichokiona. Miezi michache baadaye meneja mmoja aliivunja kaseti kwa mkono, akakata utepe vipande vipande, akavitupa kwenye mapipa tofauti ya jengo. Mkaguzi wa serikali aliyelichunguza jambo hilo mwaka 2004 alipokea maelezo kwamba kurekodi kule kulivunja kanuni na kwamba waongoza ndege walikuwa kwenye mshtuko, na hakuona dalili ya njama. Labda. Lakini mtu hagawi takataka kwenye mapipa tofauti kwa ajili ya kanuni.

Wajumbe wenyewe walijadili kama maofisa waliotoa ratiba ile wapelekwe kwa waendesha mashtaka. Wakaamua kuwapeleka kwa wakaguzi wa ndani wa wizara husika. Mwaka 2006 wakaguzi wakasema hawakuona ushahidi wa kudanganya kwa makusudi. Kumbukumbu zilitunzwa vibaya. John Farmer, mwanasheria aliyeongoza kazi hiyo ya dakika ndani ya tume, hakuridhika. Ameandika kwamba ngazi fulani ya serikali, wakati fulani, kulikuwa na makubaliano ya kutosema ukweli wa kilichotokea. Hayo ni maneno ya mtu aliyezisikiliza kanda, nami nayapa uzito kuliko ya wakaguzi.

Linganisha na Pearl Harbor, kambi ya majini ya Marekani kule Hawaii iliyoshambuliwa na Japani Desemba 1941. Huko nako rada ya Opana iliona kundi la ndege za Japani saa 1:02 asubuhi, askari wawili wakapiga simu, ofisa aliyepokea akawaambia wasijali. Tume ya kwanza ilitoka mapema, Januari 1942, na majina mawili ya makamanda wa huko mkononi: Admirali Kimmel na Jenerali Short. Chunguzi zikafuatana hadi kufika tisa kufikia 1946, kila moja ikibishana na iliyotangulia juu ya nani hasa abebeshwe. Ile ya 1942 ilikimbilia watu kabla ya kuujua mfumo. Hii ya 2004 iliueleza mfumo hadi sekunde, halafu haikumgusa mtu yeyote.

Kwa hiyo mkikutana tena na mjomba, mpe heshima yake, maana kwa kombe kufunikwa hakukosea. Kisha muulize jambo moja tu, kwa upole, kama amri ilikuwa kutulia: saa 3:24 zile F-16 za Langley zilirushwa kukimbiza nini?